Kusawazisha ardhi: jambo la kulielewa kabla hujanunua detekta ya dhahabu ya ufukweni

Binamu yangu ni mchimbaji mdogo wa dhahabu Chunya. Aliposhuka Dar es Salaam kututembelea alikuja na detekta yake kwenye mfuko wa salfeti, maana alikuwa amesikia kwamba kila sikukuu watu hudondosha pete na mikufu baharini. Maji yalipokupwa tukaenda nayo ufukweni Mji Mwema, Kigamboni. Kwenye mchanga mkavu ilifanya kazi vizuri, ikatuonyesha visoda viwili na msumari wa ngalawa. Tulipofika mchanga uliolowa ikaanza kunung'unika. Wimbi lilipolamba koili, ile sahani ya chini, ikalia mfululizo hata tusielewane. Tukaipunguza nguvu mpaka ikanyamaza. Nikavua pete yangu ya ndoa, nikaifunga uzi, nikaifukia kina cha kiganja kimoja, naye akapitisha koili juu yake mara tano. Kimya. Ikabidi nivute uzi niitoe.

Mashine haikuwa mbovu. Binamu alirudi nayo Chunya na inaendelea kumpa riziki. Kilichotushinda pale ni jambo ambalo wauzaji wengi hulitaja kwa haraka bila kulieleza, yaani kusawazisha ardhi.

Kusawazisha ardhi maana yake ni kuizoesha mashine sauti ya ardhi yenyewe ili iipuuze, ipige kelele kwa kile tu ambacho si ardhi. Kila ardhi ina sauti yake. Udongo mwekundu wa machimboni una yake, kichanga kikavu karibu hakina, na mchanga wa bahari uliolowa una sauti mbili kwa mpigo. Hizo mbili ndizo zinazokula fedha za watu.

Tuanze na jinsi detekta inavyosikia. Koili hutoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Uga huo ukipita kwenye kitu kinachopitisha umeme, huamsha ndani yake vijimkondo vinavyozunguka, navyo hutoa uga wao dhaifu unaorudi kwenye koili. Mashine husoma mambo mawili katika jibu hilo: lina nguvu kiasi gani, na limechelewa kiasi gani. Sarafu nene ya fedha huchelewa sana. Pete nyembamba ya dhahabu huchelewa kidogo, hereni kidogo zaidi. Ni kuchelewa huko ndiko mashine inakokugeuza kuwa namba kwenye kioo au mlio wa juu na wa chini. Hakuna mahali popote katika mlolongo huo ambapo mashine inaitambua dhahabu kama dhahabu. Inajua ukubwa, umbo na jinsi kitu kinavyopitisha umeme, basi. Kitanzi cha kufungulia kopo la soda na pete ya kike ya dhahabu vinaweza kutoa namba ileile.

Sasa sauti ya kwanza ya ufukwe ni chumvi. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi katika kila kilo moja, na hizo zinatosha kuyafanya yapitishe umeme. Ni kweli kwamba dhahabu inapitisha umeme mamilioni ya mara zaidi ya maji ya bahari. Lakini pete ina uzito wa gramu chache, ilhali koili imekalia ndoo nzima ya mchanga uliojaa maji hayo. Jibu la maji hayo yote likijumlishwa linakuwa kubwa, tena ni jibu lenye kuchelewa kidogo sana, jirani kabisa na lile la dhahabu nyembamba. Hapo ndipo penye ugumu wote wa kutafuta dhahabu ufukweni: mbele ya mashine, chumvi na mkufu mwembamba ni ndugu.

Sauti ya pili ni mchanga mweusi. Umewahi kuona ile michirizi myeusi inayobaki mawimbi yakirudi, hasa karibu na midomo ya mito. Ni chembe nzito zenye chuma, kama magnetaiti na ilmenaiti. Mchanga mzito wa jamii hiyo ndio uliochimbwa Kwale, kusini ya Mombasa, kuanzia 2013 hadi 2024 kwa ajili ya titani. Chembe hizi hazipitishi umeme kama metali, lakini zinavutwa na sumaku, na jibu lake halifanani na la chumvi hata kidogo.

Detekta nyingi za bei ya kawaida hutumia masafa mamoja, yaani uga wake hubadilika idadi ileile ya mara kila sekunde, kama redio iliyokaa kwenye stesheni moja. Yenye masafa mamoja ina uwezo wa kupuuza jibu la aina moja tu la ardhi kwa wakati. Ukiisawazisha kwa chumvi, mchanga mweusi unaipigisha kelele. Ukiisawazisha kwa mchanga mweusi, chumvi inaamka. Na jambo la kuumiza ni kwamba kadiri masafa yanavyokuwa ya juu ndivyo mashine inavyoona vipande vidogo vya dhahabu, na ndivyo pia inavyoiona chumvi. Gold Monster 1000 ya Minelab hufanya kazi kwenye kilohezi 45, yaani mara 45,000 kwa sekunde, na machimboni, kwenye udongo usio na chumvi, inaokota punje ndogo mno. Sifa hiyohiyo ndiyo inayoifanya isifae mahali mawimbi yanapofika. Kwa hiyo neno "Gold" lililoandikwa kwenye mashine linakwambia imetengenezwa kwa dhahabu ya ardhini, nchi kavu. Halisemi lolote kuhusu bahari.

Kuna njia mbili zilizopatikana za kutoka kwenye mtego huu, na kuchagua detekta ya ufukweni ni kuchagua mojawapo.

Njia ya kwanza ni masafa mengi kwa wakati mmoja. Jibu la chumvi huongezeka masafa yanapopanda, lakini la mchanga mweusi hubaki karibu palepale. Mashine ikituma masafa ya chini na ya juu kwa pamoja, inaweza kulinganisha majibu na kuziondoa sauti zote mbili, ikabakiza metali. Minelab, kampuni ya Australia, imekuwa ikiuza mashine za namna hii tangu miaka ya 1990, na leo kuna Equinox 800 na 900 za kampuni hiyo, Legend ya Nokta ya Uturuki, na Deus II ya XP ya Ufaransa. Angalia vizuri maneno ya tangazo hapa. Mashine ya kuchagua masafa, ambayo unaiweka kwenye kilohezi 5 au 10 au 20 lakini inatumia moja tu kila mara, bado ni mashine ya masafa mamoja. Deus ya kwanza ilikuwa ya kuchagua, Deus II ndiyo inayotumia mengi kwa pamoja. Tofauti ya neno moja kwenye tangazo, lakini mbele ya maji ni tofauti ya usiku na mchana.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba unabaki na namba. Unaweza kukisia chuma ni kipi, ukaacha misumari. Kwenye fukwe zetu zenye visoda vya kila harusi na kila mkesha wa mwaka mpya, hilo ni jambo kubwa kwa mgongo wako.

Njia ya pili ni mapigo, ambayo kwenye maboksi huandikwa PI. Hii haitumi wimbi la kuendelea. Inatuma pigo fupi la umeme kwenye koili, inalikata ghafla, inasubiri kidogo, halafu inasikiliza kilichobaki. Ifikirie hivi: gonga chungu cha udongo, kisha gonga sinia la shaba. Mlio wa chungu unakufa hapohapo, wa sinia unavuma. Maji ya chumvi ni chungu, vijimkondo vyake vinazimika ndani ya mikrosekunde chache (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde). Pete nene ni sinia. Mashine ikisubiri karibu mikrosekunde 10, au zaidi kidogo, kabla ya kusikiliza, chumvi imeshanyamaza na pete bado inavuma. Mchanga mweusi wa kawaida nao hauisumbui sana. Ndiyo maana mashine ya PI inashuka chini zaidi kwenye mchanga uliolowa, na ndiyo maana wazamiaji wanaipenda. Sea Hunter Mark II ya Garrett, kampuni ya Texas, ni ya aina hii na imetengenezwa kuzama hadi mita 60 na ushei.

Lakini PI ina gharama mbili. Kwanza, haijui kutenganisha chuma na dhahabu kwa kiwango cha kutegemewa. Msumari uliooza, ndoana, kipande cha nanga, vyote vinalia kama pete, na utachimba vyote. Pili, na hili watu wengi hawaambiwi, hereni na mkufu mwembamba mlio wake hufa haraka karibu kama wa chungu. Mkufu ni mbaya zaidi, kwa sababu mashine haiuoni kama kitu kimoja. Inaona pingili mojamoja, na kila pingili ni ndogo kuliko inachoweza kusikia. Unaweza kufukia mkufu wa gramu 10 na ikalia kwa ajili ya kile kifungio chake tu.

Mashine za masafa mengi hazijaepuka hili pia. Kila mbinu inayoizima chumvi inazima sehemu ya dhahabu nyembamba pamoja nayo. Zinatofautiana kwa kiasi tu.

Ndiyo maana lazima ujiulize unatafuta dhahabu ya namna gani. Nome, Alaska, mwaka 1899 watu walimiminika kuosha mchanga wa pwani ya Bahari ya Bering kwa sababu ulikuwa na dhahabu, ila dhahabu ile ilikuwa vumbi. Vumbi la dhahabu detekta hailioni, chombo chake ni karai na maji. Florida, ufukwe wa mashariki, kuna hadithi tofauti. Msafara wa meli za Hispania uliangamizwa na kimbunga mwishoni mwa Julai 1715, na zaidi ya karne mbili baadaye Mmarekani Kip Wagner alianza kuokota sarafu za meli hizo mchangani akiwa na detekta ya mabomu iliyouzwa na jeshi baada ya vita. Sarafu ni kipande kizima, kinene, hata mashine ya zamani ilikisikia. Sisi wengine tunachotafuta ni vito vya watu: pete, bangili, hereni, kipini. Pete nzima ya karati 18, ambayo ina dhahabu asilimia 75, ni shabaha nzuri kwa mashine ya masafa mengi na hata ya PI, kwenye kina cha sentimita 20 hivi, pengine 30. Anayekuahidi mita mbili anakudanganya. Na vile visanduku vyenye antena vinavyouzwa mtandaoni eti vinaelekeza kwenye dhahabu umbali wa mita 500, usivinunue kwa bei yoyote. Hakuna sayansi inayoviunga mkono, na nimeona wazee wakiuza mbuzi kwa ajili yake.

Kwa maoni yangu, anayeanza katika fukwe za Dar, Tanga au Mombasa anunue ya masafa mengi kwa wakati mmoja. Takataka zetu ni nyingi mno kwa PI. PI ninamshauri anayeingia majini mpaka kifuani, mahali watu wanaogelea na pete zinateleza vidoleni, na penye visoda vichache.

Ukishaamua, tazama kina cha maji ambacho mashine inaruhusiwa kufika, tena mashine nzima, siyo koili peke yake. Koili karibu zote hustahimili maji, ila kisanduku cha juu mara nyingi hakistahimili, na wimbi moja linatosha kukiua. Equinox 800 huzama hadi mita 3, Equinox 900 mita 5, Deus II mita 20. Uliza pia kama vipokea sauti vya masikioni navyo vinaingia majini, kwa kuwa aghalabu huuzwa kando.

Majira yana uzito kuliko watu wanavyodhani. Dhahabu ni nzito mara saba hivi kuliko mchanga, kwa hiyo huzama mpaka ikutane na tabaka gumu la udongo au mwamba wa matumbawe, na kule koili haifiki. Subiri upepo wa kusi ukwangue mchanga, au nenda siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na kuacha wazi sehemu ambazo siku za maji mafu huzioni. Fuata mahali mawimbi yalipokwangua, penye mawe na makome mazito. Palipokusanya vitu vizito ndipo na pete ilipo.

Sheria nayo isikupite. Tanzania, kutafuta madini kunahitaji leseni, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863. Ukiwa Kilwa au Bagamoyo ukatoa sarafu yenye maandishi ya Kiarabu, usiifute wala usiisugue. Iache, piga picha mahali ulipoikuta, na uwaarifu wahusika wa mambo ya kale. Pete yenye majina na tarehe ndani ina mwenyewe, na mara nyingi anaishi mitaa miwili kutoka hapo.

Ukienda kununua, hasa iliyotumika, chukua pete nyembamba ya dhahabu na uzi wa mita moja. Mwombe muuzaji mfike mpaka pale mchanga ulipolowa na povu linapogusa. Sawazisha mashine hapo, siyo nyumbani. Inyanyue koili na uishushe kama unatwanga: isilie. Kisha fukia pete sentimita 10, pitisha koili taratibu, halafu sentimita 15. Sauti unayotaka ni fupi, inayorudi kila unapopita, kutoka pande zote mbili. Ikilia upande mmoja tu, au ikilia wimbi linapokuja na kunyamaza linaporudi, unachokisikia ni chumvi.