Prezida akishindwa vita, haanguke kila mara

Bandugu wa Goma, ile mesaji inazungukaka mu magrupe ya WhatsApp, eti "prezida akishindwa vita na jirani hamalize mwaka ku kiti", si kweli. Iraki ilifukuzwa Kuwait mu 1991, kiongozi wake akabakia mpaka 2003, Libya nayo ilipigwa na Chad mu 1987, wake akakaa mpaka 2011! Batu banachanganyikiwa juu ya Uganda, jirani wetu pale, iliingia Tanzania mu 1978 na mu Aprili 1979 prezida alikuwa ameshakimbia, bazee bangali banaikumbuka. Lakini pale jeshi ya Tanzania ilifika mpaka Kampala. Unabisha? Kamata buku ya istoria ya mtoto, andika mwaka vita iliisha na mwaka prezida alitoka. Mesaji ikikufikia tena, isimamishe kwako, usiitume.