Cheo cha Kundini na Mamlaka ya Simuni

Katika kazi yangu ya kushauri jumuiya za mtandaoni hapa Arusha, nyingi zikiwa za waongoza watalii, vikoba na kamati za misiba, ninaona kwamba ugomvi mwingi huanzia pale ambapo cheo alichopewa mtu hakilingani na mamlaka aliyonayo simuni.

Facebook humtenganisha admini na msimamizi msaidizi. Huyu wa pili huidhinisha machapisho, hufuta maoni na kuwaondoa wanachama, lakini hawezi kubadili mipangilio ya kundi. Hivyo yeye ndiye anayetukanwa kwa kanuni ambazo hakuzitunga. WhatsApp haina ngazi hizo. Admini wote wana uwezo sawa, isipokuwa mwanzilishi wa kundi haondolewi na wenzake, na admini aliyebaki peke yake akijitoa, programu yenyewe humteua mwanachama yeyote bila mpangilio, hata kama aliingizwa jana kwa ajili ya mchango wa harusi.

Tangu mwaka 2022 admini wa WhatsApp anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama mwingine, na mahali pake hubaki taarifa inayoonyesha ni admini gani aliyefuta. Uwazi huo ni mzuri, ila admini wetu mara nyingi ni kijana aliyechaguliwa kwa sababu anaijua simu, na mwenye kusambaza uzushi ni mzee anayemwamkia kila Jumapili kanisani. Kijana hunyamaza. Mimi hushauri katibu, ambaye kwa kawaida ana umri na heshima ya kutosha, ampigie mzee kwanza amwombe aufute mwenyewe.

Mhazini ana taabu ya aina yake, kwa kuwa programu haikitambui kabisa cheo chake. Kila mchangiaji hunakili orodha, huongeza jina lake na kuibandika upya. Wawili wakibandika kwa pamoja, jina moja hupotea, na aliyetoa shilingi 50,000 huanza kuhoji mbele ya watu wote. Orodha na ihaririwe na mhazini peke yake, kila jioni, kwa kufuata ujumbe wa malipo ulioingia kwenye simu yake.

Kwa makundi ya waongoza watalii, msimu wa Juni hadi Oktoba huwapeleka admini karibu wote porini kwa wakati mmoja. Huko ninasisitiza admini mmoja awe mtu wa ofisini mjini, ijapokuwa wenzake hulalamika kwamba hajawahi kulala Serengeti.