Kabla ya Kununua Koili Mpya, Tafuta Kilichoiua ya Zamani

Magari mengi ya petroli ya siku hizi hayana distribyuta (kile kifaa kinachozunguka na kugawa moto kwa kila silinda) wala zile waya nene za plagi. Kila silinda ina koili yake iliyokaa juu ya plagi, na kompyuta ya injini ndiyo huiamuru itoe moto wakati gani. Kwa kuwa hakuna kinachozunguka na kusagika, wenye magari husahau mfumo huu hadi siku injini inapoanza kumisi, yaani silinda kukosa kuwaka. Hapo koili hulaumiwa, hununuliwa mpya, na baada ya muda nayo hufa. Mwenye gari wa namna hiyo hajatengenezewa gari, amebadilishiwa kifaa tu.

Koili hupokea volti 12 za betri. Kompyuta ikikata umeme huo ghafla, nguvu ya sumaku iliyojengeka ndani huporomoka na kuzalisha maelfu ya volti, 20,000 hadi 40,000 hivi, za kurusha cheche kwenye plagi. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila koili hufanya kazi hiyo mara 25 kwa sekunde. Sasa, kila cheche hula chuma kidogo kwenye ncha za plagi. Mwanya hupanuka, na kadiri unavyopanuka ndivyo koili inavyolazimika kupandisha volti zaidi ili cheche iruke. Mwisho umeme huona ni rahisi zaidi kutoboa kihami cha koili (ganda linalozuia umeme usivuje) na kukimbilia kwenye chuma cha silinda hedi. Tundu hilo halizibiki tena. Ndiyo maana nikiletewa koili iliyokufa, kitu cha kwanza ninachoomba kuona ni plagi yake.

Plagi za kawaida zenye ncha ya nikeli hudumu takriban kilomita 20,000 hadi 40,000. Za iridiamu nyingi hufika 100,000. Fuata kitabu cha gari lako, kwa muda na kwa kipimo cha mwanya pia. Na tafadhali, usisugue plagi ya iridiamu kwa brashi ya waya: ncha yake haifiki hata milimita 1 kwa unene, na ikiharibika hakuna cha kuokoa.

Adui mwingine ni oili. Gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) na sili za mashimo ya plagi zikikauka, oili huvujia ndani ya shimo na kulainisha mpira wa koili hadi uvimbe na kupasuka. Ukichomoa koili ikatoka imelowa oili, tengeneza uvujaji kwanza. Maji nayo ni hivyo hivyo, hasa injini ikioshwa kwa presha.

Koili inayoumwa kwa kawaida hujionyesha gari linapopanda mlima au likiwa na mzigo. Unapokanyaga mafuta sana, mgandamizo ndani ya silinda huongezeka, na cheche huhitaji volti nyingi zaidi kuruka. Kwa hiyo gari linaweza kutulia vizuri likiwa limesimama, kisha likatetemeka njiani. Taa ya injini ikiwaka na kuzima mfululizo, punguza mwendo na usiendelee na safari ndefu. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia ndani ya masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, na masega yakiyeyuka gharama yake huzidi ya koili kwa mbali.

Mashine ya kupimia ikisoma P0301, silinda namba 1 inamisi. P0302 ni namba 2, na kuendelea. Usinunue kitu bado. Zima injini, iache ipoe, hamishia koili ya silinda 1 kwenye silinda 2 na ya 2 kwenye 1, plagi uziache mahali pake, futa namba ya kosa kwa mashine kisha endesha. Kosa likihamia P0302, koili ndiyo mbovu. Likibaki P0301, angalia plagi.

Usichomoe koili injini ikiwa inaunguruma ili kusikiliza mabadiliko. Volti zile ni hatari kwa mwili, na umeme usiopata pa kurukia huharibu koili iliyokuwa nzima. Unapoitoa, fungua kwanza kufuli la soketi bila kuvuta waya, legeza bolti, izungushe kidogo ndipo uivute juu. Puliza shimo kwa upepo kabla ya kufungua plagi, maana mchanga ulioko mle utaangukia ndani ya silinda.

Koili moja ikifa, si lazima ubadilishe zote. Plagi, lakini, zibadilishe zote kwa pamoja. Na ikiwa baada ya hapo P0301 inarudi ilhali koili na plagi ni nzima, acha kuongeza vipuri vya moto. Mwambie fundi apime waya na soketi ya koili hiyo, nozeli inayonyunyiza mafuta, kisha kompresheni (mgandamizo) ya silinda.