Jiu-jitsu ya watoto: yanayodaiwa na wazazi na yaliyomo kwenye kanuni

Kwenye mashindano ya watoto ya jiu-jitsu, mchezo wa kuangushana na kubanana bila ngumi, kelele nyingi hazitoki mkekani. Zinatoka kwa wazazi na makocha wanaodai pointi zisizokuwepo, au wanaolalamikia adhabu iliyoandikwa wazi tangu mwanzo. Mtoto wa miaka minane hawezi kulaumiwa kwa kutosoma kanuni. Aliyemsajili na kumlipia ada hana kisingizio hicho.

Ninazozijadili hapa ni kanuni za IBJJF, shirikisho la jiu-jitsu ya Brazil lililoasisiwa na Carlos Gracie Jr., kwa sababu waandaaji wengi wa mashindano ya mtindo huu wanazifuata au wanazichukua kama msingi. JJIF ni shirikisho jingine kabisa, lenye mashindano ya aina nyingine na makundi mengine ya umri. Tangazo likiandikwa tu "jiu-jitsu", uliza kwanza ni kanuni za nani.

"Mwanangu ana miaka tisa, kwa hiyo atacheza na wa miaka tisa."

Si lazima. Umri wa mashindano hauhesabiwi kwa siku ya kuzaliwa. Unachukua mwaka uliopo, unatoa mwaka wa kuzaliwa, basi. Mtoto aliyezaliwa Desemba 2016 akiingia mashindano ya Februari 2026 anahesabiwa miaka 10, ingawa keki ya miaka 10 hajaikata na hataikata kwa miezi mingi. Wapinzani wake ni waliozaliwa 2016 wote, akiwemo wa Januari aliyemzidi karibu mwaka mzima.

Hilo linagusa pia muda wa pambano. Wa miaka 4 hadi 6 wanacheza dakika 2, wa 7 hadi 9 dakika 3, wa 10 hadi 15 dakika 4, na wa 16 na 17 dakika 5. Yule mtoto wetu wa Desemba, kama amezoeshwa kwa dakika 3, ataishiwa pumzi dakika ya mwisho na watu watasema hana moyo. Moyo anao, hesabu tu ndiyo iliyokosewa.

"Kilo atapima asubuhi akiwa na chupi, halafu ale ashibe."

Huo ni utaratibu wa michezo mingine. Hapa mshindani hupimwa akiwa amevaa gi kamili, yaani koti na suruali ya mchezo, na mkanda wake, muda mfupi kabla ya pambano lake la kwanza, na nafasi ni moja tu. Akizidi, ameondolewa, na hakuna kukimbia kuzunguka ukumbi atoke jasho arudi kwenye mzani. Gi ya mtoto peke yake inaweza kufika kilo moja au kuzidi kidogo, kwa hiyo ukimpima nyumbani mpime nayo.

Kumnyima mtoto chakula ili aingie uzito wa chini ni jambo nisilolitetea hata kidogo. Msajili uzito wa juu, acha anywe chai yake na mkate.

"Kwa watoto hakuna kukaba wala kuvunja mkono, wanashindania pointi tu."

Wapo waandaaji wanaoondoa kabisa mbinu za kumalizia kwa wadogo. IBJJF haiko hivyo. Mtoto anaweza kukaba kwa kola ya gi, kukaba kutoka mgongoni, au kunyoosha kiwiko cha mwenzake mpaka akubali kushindwa. Kilichofanyika ni kuchuja. Kwa wa miaka 4 hadi 12 zimekatazwa gilotini ya mbele (kuibana shingo kwa mkono ukiwa mbele ya mwenzako), kaba ya Ezequiel inayotumia mkono wa gi, omoplata (kukunja bega la mwenzako kwa miguu), kufunga kifundo cha mguu kwa kunyoosha, kaba yoyote inayopinda uti wa mgongo, na kutanua miguu ya mwenzako kwa nguvu mpaka asalimu amri.

Kaba ya pembetatu, ile ya miguu inayozunguka shingo na mkono mmoja, ndiyo inayochanganya watu zaidi. Yenyewe inaruhusiwa. Kinachokatazwa kwa umri huo ni kuvuta kichwa cha aliyebanwa ili kuikaza. Mtoto anaweza kuwa ameifunga vizuri, miguu imekaa sawasawa, kisha kocha wake mwenyewe anampigia kelele, "Vuta kichwa! Vuta kichwa!" kwa sababu ndivyo anavyofundisha watu wazima jioni. Mtoto anatii. Refa anaingilia, na waliokuwa wakishangilia wanaanza kuuliza kosa ni nini.

Ukiitazama orodha hiyo utaona shingo inarudi tena na tena. Ndiyo maana pia mtoto hakubaliwi kumvamia mwenzake mguu mmoja ili amwangushe huku kichwa chake kikiwa upande wa nje wa mwili wa mpinzani: wakianguka vibaya, kichwa kinatangulia mkekani. Kumnyanyua aliyekung'ang'ania na kumbamiza chini ni kosa la kuondolewa moja kwa moja, na hilo ni kwa kila umri.

"Akifika miaka 16 anakuwa kama mtu mzima."

Bado. Wa 16 na 17 wanaruhusiwa kufunga kifundo cha mguu kwa kunyoosha, lakini kupinda kiganja cha mkono hapana. Kunyoosha goti na kusokota mguu kwa kushika vidole ni vya watu wazima wenye mkanda wa kahawia na mweusi. Kusokota kisigino hakuruhusiwi kwa yeyote anayecheza na gi. Kijana anayejifunza haya kwenye simu usiku, kesho yake akayajaribu mashindanoni, anaondolewa hata kama mpinzani amegonga kwa kiganja kukubali kushindwa. Kugonga kwa mwenzako hakuhalalishi mbinu haramu.

"Amempindua, ni pointi mbili!"

Hapa ndipo ugomvi mwingi unapoanzia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kumwangusha mpinzani kutoka wima ni pointi 2. Kumwekea goti tumboni ni 2. Kupita gadi, yaani kuivuka miguu ya aliye chini na kumdhibiti kwa ubavu, ni 3. Kumkalia kifuani ni 4, na kumshika mgongo miguu ikiwa imeingia ndani ya mapaja ni 4. Zote zinadai sekunde 3 za utulivu. Kupita na kunyanyuka papo hapo hakukupi kitu, labda adivanteji, alama ndogo inayotazamwa pointi zikilingana.

Kumpindua aliye juu ni pointi 2 pia, lakini kuna sharti ambalo jukwaa husahau: lazima uwe umeanzia kwenye gadi au nusu gadi, yaani ulikuwa ukimzuia kwa miguu yako. Sasa tazama: mtoto wa kwanza amemkalia mwenzake kifuani, ana pointi 4. Wa chini anainua kiuno kwa nguvu, anabingiria, na sasa yeye ndiye yuko juu, ndani ya miguu ya mwenzake. Ukumbi mzima unapiga kelele "mbili!" Ubao unabaki 4 kwa 0. Hakuwa na gadi, alikuwa amekaliwa. Kujinasua si kumpindua. Jukwaa linasema refa ameonea, wakati huohuo mtoto, akisikia hizo kelele, anadhani amepata kitu na kupumzika juu pale badala ya kuendelea kupita miguu, ambako angeokota zile 3.

Na mawili mengine kwa haraka. Ukiachia nafasi kwa makusudi ili uirudie upate pointi tena, hupewi. Ukifika nafasi nzuri huku mkono wako bado umebanwa, pointi zinasubiri mpaka ujinasue.

"Hajagonga, kwa nini refa amesimamisha?"

Kugonga kwa kiganja si njia pekee ya kukubali kushindwa. Mtoto anaweza kusema kwa mdomo. Na mshindani aliyebanwa kwenye mbinu akipiga yowe au kutoa sauti ya maumivu, inahesabiwa kuwa amekubali. Wazazi huliona hili kuwa dhuluma, hasa mtoto anaponyanyuka na kusema, "Sikugonga!" Kweli hakugonga, alilia "aah!", na inatosha. Vilevile refa ana mamlaka ya kukatisha pambano akiona kiungo kiko hatarini. Kama ni wangu, ningependa refa awahi sekunde moja kuliko achelewe nusu.

"Ukibanwa, toroka nje ya mkeka, mtaanza upya."

Ushauri mbaya huu hutolewa kwa sauti ya chini na watu wanaojiona wajanja. Kukimbia nje ili kukwepa mbinu ya kumalizia iliyokwisha kukamata ni kuondolewa. Kukimbia ili usipinduliwe kunampa mpinzani pointi 2.

Kukaa tu bila kutafuta chochote nako kuna bei: refa huhesabu sekunde 20, kisha adhabu. Ya kwanza inaandikwa tu, ya pili inampa mpinzani adivanteji, ya tatu pointi 2, ya nne nje.

"Mkanda wa kijani, mweusi uko karibu."

Waliozoea karate au taekwondo wanaona watoto wenye mikanda myeusi, wakadhani na huku iko hivyo. Haipo. Mikanda ya watoto ni mweupe, wa kijivu, wa njano, wa chungwa na wa kijani, na hiyo minne ya rangi kila mmoja una ngazi tatu. Kijivu ni kuanzia miaka 4, njano 7, chungwa 10, kijani 13. Akifika 16 anaingia mfumo wa watu wazima, ambao baada ya mweupe unaanza na bluu. Mweusi hautolewi chini ya miaka 19, awe amejifunza tangu anyonye.

"Binti akivaa hijabu hawezi kushiriki."

Hii nimeisikia pwani, na imewazuia mabinti bila sababu. Kanuni inaruhusu kifuniko cha kichwa kwa wanawake: cheusi, kisicho na maandishi, cha kunasa kichwani bila kamba wala kitu kigumu. Kitambaa cha pini hakifai, kwa sababu ya pini.

Usafi ndio unaozuia watu kweli. Kucha ndefu, gi iliyochanika, iliyoloa au inayonuka, na ngozi yenye choa au kidonda kinachoweza kuambukiza. Kagua siku kadhaa kabla, maana choa hakiponi kwa usiku mmoja.

"Tukipiga kelele ya kutosha, matokeo yatabadilishwa."

Uamuzi wa refa ni wa mwisho, isipokuwa kwenye makosa machache yanayothibitika: ubao ulisomwa vibaya, mshindi alimaliza kwa mbinu iliyokatazwa, au mtu ameondolewa kwa mbinu ambayo kumbe ni halali. Hapo kocha anakwenda mezani, anaeleza kwa utulivu. Kama zile sekunde 3 zilitimia au hazikutimia, hilo halimo. Kocha anayemtukana refa anaweza kutolewa ukumbini, na mtoto wake akabaki kucheza pambano linalofuata akiwa na kiti kitupu pembeni.