Maji ya ndimu hayayeyushi kitambi

Ndimu na tangawizi kwenye maji ya uvuguvugu haviyeyushi mafuta ya tumbo. Kinywaji hicho kikimsaidia mtu, mara nyingi ni kwa sababu kimechukua nafasi ya chai yenye vijiko vitatu vya sukari.

Chakula kisipotosheleza mahitaji ya nishati, homoni huzichochea seli za mafuta kuachia akiba yake kwenye damu, na akiba hiyo hutoka mwili mzima. Huchagui itoke wapi. Kwa wanaume wengi tumbo la chini ndilo la mwisho kupungua. Sit-apu nazo hukuza msuli, haziondoi mafuta yanayoufunika.

Basi punguza kalori 300 hadi 500 kwa siku. Anza na mafuta ya kupikia: kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi, na wengi wetu humimina bila kupima. Ugali unaonewa bure. Tatizo ni mlima wake. Chukua wa ukubwa wa ngumi, mboga za majani nusu sahani, kisha protini, takriban gramu 1.6 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wako. Mtu wa kilo 70 anahitaji gramu 112, na yai moja lina 6 tu, kwa hiyo ongeza dagaa, samaki, maharage. Ukipuuza hili, misuli itapungua pamoja na mafuta.

Pima kiuno usawa wa kitovu kila wiki, maana mizani huyumbishwa na maji na chumvi. Kwa wanaume, misuli ya tumbo huanza kuonekana mafuta ya mwili yakishuka chini ya asilimia 15 hivi. Kwa wanawake, karibu 20. Mwanamke akilazimisha kushuka zaidi, hedhi inaweza kuvurugika.