Kampuni kutengeneza betri zake: seli au pakiti?

Kila likizinduliwa gari jipya la umeme, utasoma kwamba kampuni "inatengeneza betri zake yenyewe". Mara nyingi si hivyo, na kosa hili linavuruga mjadala mzima wa kutengeneza au kununua.

Uamuzi wenyewe hauna fumbo. Kampuni ya magari ama inajenga kiwanda chake cha betri, ama inaagiza kwa wabobezi kama CATL ya China na LG ya Korea Kusini. Anayejenga anazika mabilioni ya dola kabla hajauza gari hata moja. Anayenunua ananusuru mtaji, lakini bei na ubora viko mikononi mwa mwingine.

Kinachochanganywa ni seli na pakiti. Seli ndiyo inayohifadhi umeme. Kuitengeneza ni kazi ya kemia: karatasi nyembamba za shaba na alumini hupakwa rojo, hukaushwa, kisha hukunjwa pamoja na utando wa kuzitenganisha, katika vyumba vya hewa kavu mno kwa sababu unyevu kidogo tu huharibu kila kitu. Pakiti ni seli hizo zikishaunganishwa ndani ya sanduku lenye mfumo wa kupooza na kompyuta ya kusimamia chaji. Baadhi ya Tesla Model 3 zina seli zaidi ya 4,000, kila moja na urefu wa sentimita 7.

Angalia kiwanda cha Tesla cha Nevada. Humo ndani Panasonic ya Japani ndiyo inayotengeneza seli, Tesla inaziunganisha kuwa pakiti. Seli yake yenyewe, 4680, Tesla iliitangaza mwaka 2020, na bado inaendelea kununua za wengine. BYD, kampuni ya magari ya China, ni habari nyingine kabisa: ilianza na betri mwaka 1995 huko Shenzhen, magari yakafuata 2003.

Tofauti hii ina uzito. Mwaka 2021 General Motors ililazimika kuyaita yarudishwe magari yake yote ya umeme ya Chevrolet Bolt kwa hatari ya moto. Hitilafu ilikuwa ndani ya seli za LG, na LG ikakubali kulipa hadi dola bilioni 1.9. Aliyeegesha gari nje kwa kuogopa nyumba kuungua, yeye alikuwa amenunua Chevrolet, si LG. Hata hivyo kampuni hizo mbili hazikuachana. Zinamiliki kwa ubia kiwanda cha seli huko Ohio kilichoanza uzalishaji 2022, na ubia wa namna hiyo si kununua tu, wala si kujitengenezea peke yako.

Kwa hiyo kabla ya kuandika kwamba kampuni fulani inatengeneza betri, tafuta seli zake zinatoka kiwanda gani. Zikiwa za kununuliwa, andika kwamba inaunganisha pakiti. Hiyo nayo ni kazi ngumu ya uhandisi, na kuitaja kwa jina lake hakuipunguzii hadhi.