Puti ya epoksi haikauki, inaiva

Februari nilikwangua mara tatu joho nililokuwa nalichonga juu ya kisanamu kimoja kwa puti ya epoksi, ile nyenzo laini ya sehemu mbili inayokandwa pamoja ikawa ngumu. Kisanamu chenyewe kina urefu wa milimita 28, joho lake halizidi ukucha wa kidole gumba, na kila nilipopitisha kijiti kulainisha mkunjo, kilikwama kwenye chembe ngumu, kama unavyouma jiwe ndani ya wali. Nilijilaumu kwamba sikukanda vizuri. Ilipofika mara ya tatu ndipo nikaenda kuutazama utepe wenyewe wa puti, uliokuwa umelala juu ya kabati karibu na dirisha tangu Novemba, kwenye nyumba ya Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi. Pale katikati, rangi ya buluu inapogusana na ya njano, palikuwa na mstari wa kijani mgumu kama kifuniko cha chupa. Puti ilikuwa imeanza kazi bila mimi.

Tumezoea kusema puti "inakauka", na neno hilo ndilo linalotupoteza. Udongo wa mfinyanzi hukauka kwa sababu maji yanautoka. Kwenye puti ya epoksi hakuna kinachotoka: upande mmoja ni resini, wa pili ni kigumishi, vikikutana vinashikana hadi vinakuwa kitu kimoja. Ndiyo maana haisinyai, na ndiyo maana ukiitupa kwenye glasi ya maji itakuwa ngumu humo humo. Puti inaiva. Na kitu kinachoiva hutawaliwa na joto. (Ile puti ya fundi bodi ni kitu kingine kabisa. Ile ni poliesta, inaganda ndani ya dakika chache, hutapata nafasi ya kuchonga hata pua.)

Kuna kanuni ya kukadiria: joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kuiva huongezeka takribani maradufu. Chukua puti ya utepe wangu, Kneadatite, ambayo ikikandwa huwa ya kijani na wengi tunaiita Green Stuff. Husemwa kwamba ina saa moja na nusu ya kufanyia kazi, lakini hiyo ni kwenye chumba chenye nyuzi 20 hivi. Chumba changu mwezi wa pili kinafika 31. Kwangu saa moja haiishi kabla puti haijaanza kukataa kijiti. Kwa hiyo nakanda punje ndogo, ya joho peke yake, halafu nyingine ya mikono. Kukanda bonge kubwa kwenye joto la pwani ni kutupa hela.

Sasa igeuze hesabu hiyo kichwa chini. Kutoka nyuzi 30 za mezani hadi 18 chini ya sifuri za friza ni karibu nyuzi 50. Kwa kanuni ile ile, siku moja juu ya kabati inakula uhai sawa na karibu mwezi mzima ndani ya friza. Makadirio tu, lakini yanatosha kukuonyesha kwa nini utepe wangu ulikufa.

Siku hizi utepe ukifika, haulali kabla sijautenganisha. Naulaza kwenye sahani, naukata kwa kisu chenye makali kila upande wa mstari wa katikati, natupa kama milimita mbili au tatu, na nafuta kisu kila nikivuka kutoka rangi moja kwenda nyingine. Buluu mfuko wake, njano mfuko wake. Vikishatengana hivyo, friza si lazima tena. Hata droo ya chini yenye giza inatosha. Mimi naweka kwenye friza kwa sababu nimeshaumwa na nyoka. Mifuko inakaa ndani ya kopo lenye kifuniko, mbali na chakula, na kopo limeandikwa kwa maandishi makubwa, maana kwa macho ya mtoto vile vipande vya rangi ni bazoka.

Kutoa kwenye friza nako kuna adabu yake. Usifungue mfuko papo hapo. Soda baridi ikikaa mezani hutoka jasho, na puti ni hivyo hivyo. Ukifungua mapema, unyevu unaishika yenyewe. Iache imefungwa nusu saa, ifike joto la chumba.

Puti za vijiti viwili, kama Milliput inayotengenezwa Wales, hazina shida ya mstari wa katikati kwa kuwa vijiti huja vimetengana. Adui wa hizo ni hewa. Kigumishi kinapenda unyevu na hewa ya ukaa, hivyo kikiachwa wazi kinajijengea gamba. Gamba hilo halirudi kuwa laini hata ulichemshe; lichonge, tumia kiini. Nafunga kila kijiti kwenye nailoni, nabana hewa yote itoke, kisha natupia ndani ya kopo vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Upande wa resini ukigeuka mgumu kwa baridi au umri, hiyo ni habari nyingine: ufunge kwenye mfuko, uuweke kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia kwa mkono, dakika kumi, utalegea.

Puti iliyokwisha kukandwa ikabaki? Ibandike iwe nyembamba kama chapati, ifunge, iweke kwenye friza. Bonge nene hubaki na joto ndani na kuendelea kuiva. Chapati hiyo itakupa siku mbili tatu, ingawa itapungua kunata, kwa hiyo mimi huitumia kwa mawe na magome ya miti kwenye vitako vya kusimamishia visanamu, kamwe si kwa uso. Umeme ukikatika, jizuie kufungua friza.

Kuharakisha kuiva ni raha, na ndiko wengi wanakoharibu. Nina boksi la kadibodi lenye balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye waya unaowaka ndani. Za LED hazina joto la maana. Kisanamu hakiingii humo kabla ya saa moja tangu nimalize kuchonga. Joto la mapema huilegeza puti kwanza kabla ya kuikaza, na mikunjo uliyoihangaikia inalala chini kama nguo iliyoloa. Ikishaanza kuwa kama mpira, ndipo naingiza. Visanamu vya bati na vya plastiki ngumu vinavumilia nyuzi 45 bila tabu. Vilivyomiminwa kwa resini, hapana: upanga mwembamba unaweza kupinda kwa joto, hivyo navyo naviacha mezani hadi kesho yake. Na usije ukaweka kisanamu kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani ukadhani umepata tanuri la bure. Jua la saa saba halina kipimo.

Vaa glavu wakati wa kukanda. Ngozi inaweza kuikubali epoksi miaka mingi, halafu siku moja ikaikataa, na ikishaikataa hairudi nyuma.

Kujua kama imeiva, usiguse kazi. Kila nikikanda, nabandika punje ya mchanganyiko ule ule kwenye kipande cha kadi na kuandika saa. Kadi inakwenda popote kisanamu kinapokwenda, mezani au ndani ya boksi. Ukucha nachomeka kwenye punje. Ukiacha alama, nafunga boksi na kwenda kunywa chai.